Paul Panda Farnana, askari aliyefungua mfuko wa wenzake



Katika ukurasa huu tunaelezaga maisha ya mtu aliyetutangulia, ambaye kazi yake inaweza kutufundisha kitu. Mara hii tumechagua mtu ambaye hakuzaliwa Maniema. Alizaliwa kule chini kabisa, karibu na bahari, na sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha Ulaya. Lakini tunaona anatuhusu sana, juu ya swali linalorudi kila mara katika mikutano yetu hapa Kindu.

Swali lenyewe ni la wazee wetu walioacha jeshi. Kati yetu waliorudi, wako wengi waliobeba bunduki zamani. Wengine wana vyuma ndani ya mguu mpaka leo, wengine wana presha, wengine kidonda cha zamani kinafunguka kila masika. Wanauliza kwa nini watoe mchango wa mfuko wa ugonjwa kila mwezi, wakati walikwisha kuitumikia nchi kwa damu yao. Kwa maoni yao, Serikali ndiyo inapashwa kulipa. Swali hilo ni la haki. Mtu mmoja alilijibu kwa kazi yake, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake Paul Panda Farnana.

Mtoto aliyepelekwa mbali

Panda alizaliwa mwaka wa 1888 kijijini Nzemba, upande wa Moanda, Kongo ya Chini. Wakati ule nchi yote ilikuwa mali ya mfalme Léopold II. Mwaka wa 1900, akiwa na miaka 12 tu, afisa mmoja Mbelgiji, Jules Derscheid, alimchukua na kumpeleka Ubelgiji. Kule alilelewa na dada ya yule afisa, Louise Derscheid, aliyemtia masomoni sawa na mtoto wa nyumbani.

Alisoma vizuri. Nyuma ya shule ya sekondari huko Ixelles, aliingia shule ya kilimo na bustani ya Vilvorde, akatoka na diploma mwaka wa 1907. Akaongeza masomo ya kilimo cha nchi za joto huko Nogent-sur-Marne, Ufaransa. Ndiyo sababu wengi wanamhesabu kuwa Mkongo wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu Ulaya. Mwaka wa 1909 Wizara ya Makoloni ilimwandika kazi na kumtuma Eala, kwenye bustani kubwa ya mimea karibu na Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo.

Tufikiri kidogo hali yake. Ni Mkongo mwenye diploma, yuko katika nchi yake, lakini anafanya kazi chini ya utawala ambao hauamini kama mtu mweusi anaweza kuwa na diploma. Aliona kazi ya kulazimishwa, na namna watu wa kijiji walivyotendewa. Hakusahau.

Vita

Mwaka wa 1914 vita ilimkuta Ubelgiji. Wajerumani walipoingia katika nchi ile mwezi wa Agosti, Panda alijiandikisha kwa mapenzi yake katika Kikosi cha Wajitoleaji wa Kongo. Kikosi kile kiliongozwa na Kanali Louis Chaltin. Wazee wa Lokandu labda walisikia jina hilo kwa babu zao, maana Chaltin ni yule aliyefika Riba-Riba mwaka wa 1893, wakati wa vita ya Wabelgiji na Waarabu katika Maniema yetu.

Wakongo waliokuwa Ubelgiji na kuvaa nguo ya jeshi la nchi ile walikuwa kama 30 hivi. Walikuwa wachache, lakini walikuwapo. Walitumwa kulinda mji wa Namur. Haikuchukua siku nyingi, mji ulianguka. Tarehe 23 Agosti 1914 Panda alikamatwa, akapelekwa Ujerumani kama mfungwa wa vita. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka 4.

Mwenzake mmoja katika kifungo alikuwa Albert Kudjabo, mtoto wa upande wa Kilo, kule Ituri. Wajerumani wenye elimu walikuja kambini na mashine za kushika sauti, wakamwimbisha nyimbo za kwao ili wazichunguze. Sauti ile ingali imewekwa mpaka leo.  Hawa wetu walikuwa wakipimwa na kuandikwa kama vitu vya kuonyesha.

Wakati Panda alikuwa kifungoni, watu wa kwetu nao walikuwa katika vita ileile, upande mwingine. Askari wa Force Publique walipigana na Wajerumani wa Afrika ya Mashariki mpaka wakashika Tabora, tarehe 19 Septemba 1916. Mizigo ilipita kwa mto Lualaba na kwa reli ya Kindu–Kongolo, halafu ikaendelea mpaka ziwa Tanganyika. Wapagazi walihesabiwa kuwa kama 260,000. Wengi waliokufa hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na baridi ya milimani, na njaa, na uchovu. Yaani waliuawa na magonjwa ambayo munganga, maji safi na chakula vingeweza kuzuia. Hilo tulishike vizuri, juu tutalirudilia.

Kurudi bila kupokelewa

Vita iliisha Novemba 1918. Panda na wenzake walirudi Ubelgiji. Mtu angefikiri wangepokelewa kwa heshima sawa na askari wengine. Haikuwa hivyo. Wengi walikuwa bila kazi, bila jamaa, wengine na afya iliyovunjika kifungoni. Na mwaka wa 1919 gazeti moja la wapiganaji wa zamani likatoa maneno ya kuwadharau, kwamba ingefaa hao weusi warudishwe kwao, chini ya migomba yao.

Ninyi mliorudi kutoka mbali mnajua neno kama hilo linavyochoma. Mtu alikaa kambini miaka, anafika mahali anapoita nyumbani, na wa kwanza kukutana naye anamwuliza amerudi kufanya nini.

Panda alijibu kwa kalamu. Aliwakumbusha wasomaji wa gazeti kwamba Wakongo walipigana kwa ajili ya Ubelgiji, huko Ulaya na huku Afrika. Lakini hakuishia kwa kujibu. Tarehe 30 Agosti 1919, huko Brussels, yeye na wenzake walifungua Union Congolaise, yaani Umoja wa Wakongo. Jina lake kamili lilisema wazi kazi yake: chama cha msaada na cha kuendeleza roho na akili ya Wakongo.

Waliokusanyika walikuwa kama 30, wengi askari wa zamani, wengine mabaharia na watumishi wa nyumbani. Kudjabo alikuwa kati yao. Hawakuwa matajiri. Kila mmoja alitoa kidogo. Kazi ya chama ilikuwa kusaidia wagonjwa na wasio na kitu, kulinda haki za Wakongo waliokaa Ubelgiji, na kuwatafutia masomo ya jioni wale ambao hawakupata kusoma.

Tuangalie vile wazo hilo lilivyo rahisi. Mtu mmoja akiugua, lopitali inamshinda. Watu 30 wakiweka kidogo kidogo wakati wako na afya, yule anayeanguka leo anabebwa na wale ambao hawajaanguka. Kesho zamu inageuka. Hakuna sadaka hapo, na hakuna anayemshukuru mwenzake kwa magoti.

Kuweka mfuko, na kudai haki

Hapa ndipo jibu la wazee wetu linapopatikana. Panda alifungua mfuko, lakini hakusema kwamba sasa Serikali imepona deni lake. Alifanya yote mawili pamoja.

Februari 1919 alikuwa Paris, katika mkutano wa watu weusi wa dunia ulioitishwa na Mmarekani W.E.B. Du Bois. Mwaka wa 1921 mkutano wa pili ulifanyika London, Brussels na Paris, na Panda akasema tena kwa ajili ya Kongo. Kati ya mikutano hiyo, Desemba 1920, alisimama katika mkutano mkubwa wa mambo ya koloni huko Brussels, mbele ya watawala wenyewe. Aliomba Wakongo wawe na sauti katika kutawala nchi yao, na wapewe shule za kweli. Aliomba pia askari wa Kongo waliokufa wakumbukwe kwa mnara, sawa na vile Wabelgiji walivyowakumbuka wa kwao.

Hakupata mengi. Magazeti ya wakoloni yalimwandama, yakamwita mchochezi. Mwaka ule wa 1921 Simon Kimbangu alikamatwa huku Kongo, na kila Mkongo aliyejua kusema alitazamwa kwa jicho baya. Panda aliendelea.

Mwaka wa 1929 alirudi kwao. Alirudi Nzemba, kijiji alichokiacha akiwa mtoto, karibu miaka 30 mbele. Huyu mtu wa diploma na mikutano mikubwa hakutafuta kiti mjini. Alianzisha shule kijijini, akajenga kanisa dogo, akaweka kazi ya kukamua mafuta ya mawese ili watu wapate franga. Alikuwa ameanza tu. Tarehe 12 Mei 1930 alikufa Matadi. Alikuwa na miaka 42.

Sisi leo

Hadithi hii haitaki kutuliza tu. Inatuachia kazi.

Kwanza, wazee walioacha jeshi wana haki ya kudai. Tunza karatasi zako za jeshi. Tengeneza fotokopi mbili, moja ikae nyumbani, moja kwa katibu wa chama. Mtu asiye na karatasi anadai kwa mdomo tu, na mdomo haufiki Kinshasa. Kutoa kotizasio hakufuti deni la nchi juu yako. Panda alitoa mchango wake, na bado alienda kusimama mbele ya wakubwa.

Pili, ugonjwa wa haraka hautangoja deni lilipwe. Mtoto mwenye homa anaanza kutetemeka mwili wote. Mama anatoka damu. Mzee mdomo wake unapinda na mkono mmoja unakufa ganzi. Mtu anaumwa na nyoka shambani, au anaanguka na pikipiki. Pumzi inakuwa fupi. Hayo yote ni ya kwenda saa ileile, usiku au mchana. Usianze kwa kuuliza dawa dukani, na usingoje kuche. Kwa watu wa Alunguli, ambao wakati mwingine wanapashwa kuvuka mto, saa moja ya kungoja kwanza nyumbani inakuwa saa tatu.

Namna ya kutumia mfuko ni hii. Mgonjwa aende moja kwa moja, na kadi ya chama iende naye. Mtu mwingine ndiye akimbie kwa mjumbe wa afya wa mtaa, si mgonjwa wala anayembeba. Mjumbe ndiye anazungumza na lopitali juu ya malipo. Kila karatasi ya dawa na ya malipo iwekwe, hata ndogo, maana bila karatasi mwekahazina hawezi kutoa kitu. Na kadi inafanya kazi kwa yule tu ambaye mchango wake uko sawa. Mtu anayekuja kulipa miezi 6 siku mtoto ameshalazwa, anaomba wenzake wabebe mzigo ambao yeye hakuwabebea.

Kwa marafiki wanaotusaidia tunapenda kusema neno moja pia. Wengine wanatuuliza kwa nini tunaweka sehemu ya msaada wenu katika mfuko, badala ya kugawa vitu. Ni kwa sababu gunia la mchele linaisha siku ileile, na ugonjwa unakuja siku ambayo hakuna mgeni. Ninyi mnajua, mahali pengi mgonjwa aliyekwisha kupona anabaki kitandani wiki nyingi kwa sababu hana ya kulipa. Mfuko unamtoa pale. Nchi yetu yenyewe ilikubali njia hii, iliweka sheria ya mitueli tarehe 8 Februari 2017. Msaada wenu unaongeza nguvu ya mfuko, lakini mfuko unasimama kwa mchango wa wanachama. Ukiwa wa wageni tu, utaondoka nao.

Wale wapagazi waliopita Kindu na mizigo kichwani hawakuwa na mfuko, wala kadi, wala mtu wa kukimbia usiku kwa ajili yao. Wengi hata jina lao halikuandikwa. Watu kama 30 huko Brussels waliona hivyo haipashwi kuendelea, wakaanza na kidogo walichokuwa nacho. Sisi tuko wengi kuliko wao. Mwekahazina atakuwa mahali pake kama kawaida siku ya mkutano, na daftari limefunguliwa.