Tom Mboya alivyomfungulia mchuma chai mlango wa mahakama

MCHUMA chai wa Kericho au Bomet hulipwa kwa kilo. Majani yakishapimwa, jasho lake huwa deni lililo mikononi mwa mwajiri. Kwamba mwajiri anayelizuia deni hilo anaweza kushtakiwa ni matunda, kwa kiasi kikubwa, ya kazi ya hayati Thomas Joseph Mboya.

Alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge. Nyakati hizo sheria ilimwegemea mwajiri. Kibarua aliyetoroka kazi aliweza kufungwa, na pasipo sahihi ya mwajiri kwenye kipande hakuajiriwa kwingine.

Mboya alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko alikuta Mwafrika akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akasaidia kusuluhisha mgomo wa bandari ya Mombasa.

Alipokuwa Waziri wa Leba, Oktoba 1962, ulitiwa sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Kazi. Waajiri waliridhia kuvitambua vyama. Navyo vikaridhia mazungumzo na usuluhishi kabla ya migomo. Wapo waliolalamika kwamba makali ya mgomo yalibutuliwa. Hata hivyo, mwaka 1963 vyama vya mashambani, kikiwemo cha wafanyakazi wa chai, viliungana, na mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Viwanda.

Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38.

Sheria ya Ajira ya 2007 inaagiza kwamba hata anayefutwa kwa kosa halali alipwe stahili zake zote hadi siku hiyo. Anayedhulumiwa ana miaka mitatu ya kushtaki, na Mahakama ya Ajira na Leba ina kituo mjini Kericho.

Lakini hukumu si pesa mkononi. Oktoba 2016 wachuma chai waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 30 iliyoamriwa na mahakama, huku waajiri wakikata rufaa. Mlango alioufungua Mboya ungali wahitaji chama imara cha kuusukuma.