Rumanyika, Mfalme Aliyeuliza Habari za Mbingu

Hapo kale nchi ya Karagwe ilitawaliwa na wafalme wa ukoo wa Abahinda, wazao wa Ruhinda. Nchi yao ilikuwa katika vilima vilivyo mashariki ya mto Kagera, ambavyo leo vimo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mmoja wa wafalme hao alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara. Makao yake yalikuwa Bweranyange, juu ya kilima kinachotazama ziwa dogo.

Ndagara alipokufa, katikati ya karne ya 19, wanawe Rumanyika, Nnanaji na Rogero walibaki pasipo mrithi aliyekubaliwa na wote. Ilisimuliwa kwamba waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini kwa ajili ya dawa zilizotiwa ndani ikawa nzito mno, asiweze kuiinua ila mwenye haki ya ufalme. Ndugu zake wakashindwa, naye Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Tena ilisimuliwa kwamba aliketishwa mahali pa kujaribiwa, nayo nchi ikainuka pamoja naye hata karibu na mbingu, kisha ikamshusha salama. Asiye na haki angalianguka akafa. Hata hivyo Rogero hakukubali, akaleta vita. Rumanyika akamshinda, akisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Kazeh katika nchi ya Unyamwezi.

Basi watu walisadiki kwamba mbingu zenyewe zilimshuhudia mfalme wao. Mtu wa namna hii angaliweza kujifanya kuwa ajua mambo yote. Rumanyika hakufanya hivyo.

Mwezi wa Novemba 1861 walifika Bweranyange Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wakitafuta chimbuko la mto Nile. Rumanyika akawapokea kwa wema, akapeleka habari zao kwa Mutesa, mfalme wa Buganda. Speke akaondoka Januari 1862. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, naye akatunzwa pale hata Aprili.

Katika siku hizo mfalme aliwauliza wageni wake maswali mengi. Alitaka kujua kama jua linalochomoza leo ni lile lile la jana, au kama kila siku huja jua jipya. Tena aliuliza kama mwezi hugeuza uso wake ili kuwacheka wanadamu. Maswali hayo si ya kudharauliwa, maana ndiyo waliyouliza wenye hekima wa mataifa yote. Jua ni lile lile moja. Dunia ndiyo izungukayo, mara upande wetu ukalielekea jua, mara ukalipa kisogo. Nao mwezi hauna nuru yake mwenyewe, bali hupokea nuru ya jua. Kwa kuwa huizunguka dunia, sisi huona mara sehemu kubwa ya upande wenye nuru, mara sehemu ndogo.

Wageni wale walifika wakati wa mvua, ambapo ngurumo husikika sana katika vilima vya Karagwe. Jambo hili nalo lina sababu yake. Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu, ikapoa, ikafanya mawingu makubwa. Ndani ya mawingu hayo punje za barafu hugongana, na kwa kugongana huko hujikusanya nguvu ya umeme. Nguvu hiyo ikizidi huruka kutoka wingu hata wingu, au kutoka wingu hata ardhi. Huo ndio mmweko tunaouona. Hewa inapopitiwa na umeme hupata moto kupita uso wa jua, ikatanuka ghafula, ikatikisa hewa yote iliyo kando, kama ngozi ya ngoma itikisikavyo ikipigwa. Sauti yake ndiyo ngurumo. Nuru huenda upesi kuliko sauti, kwa hiyo twaona kwanza, twasikia baadaye. Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani aliwafundisha watu kuzilinda nyumba kwa fimbo ya chuma iliyounganishwa na ardhi, ili umeme upite humo bila kudhuru.

Elimu hii ina faida kubwa. Katika nchi nyingi mtu akipigwa na radi, jirani asiye na hatia amedhaniwa kuwa mchawi, akateswa. Lakini ajuaye sababu ya radi hatamtafuta mchawi. Atawaonya watoto wasijikinge chini ya mti mrefu wala wasisimame juu ya kilima wakati wa tufani, bali waingie katika nyumba iliyo imara.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alifika kwa Rumanyika, akamkuta mzee mpole na mwenye heshima. Miaka michache baadaye mfalme huyo akafa, na ufalme wake ukaingia fitina tena. Watu wengine humkumbuka kwa ajili ya ile ngoma aliyoiinua kwa kidole. Lakini yafaa akumbukwe zaidi kwa sababu hii: alikuwa mfalme, wala hakuona haya kuuliza asilolijua.