William Sharp: Mtu Aliyezidiwa na Lakabu Yake

Waandishi wengi wametumia lakabu, lakini ni nadra lakabu kumpiku mwenyewe kwa umaarufu. Hayo ndiyo yaliyomfika William Sharp, aliyezaliwa mwaka wa 1855 mjini Paisley, Uskoti.

Sharp alihamia London, akajulikana kama mhakiki na mwandishi wa wasifu wa washairi Rossetti, Shelley na Browning. Mnamo mwaka wa 1894 alichapisha riwaya ya Pharais kwa jina la Fiona Macleod. Fiona hutokana na neno la Kigaeli, fionn, lenye maana ya weupe. Wasomaji waliamini kwamba Fiona alikuwa mwanamke halisi. Barua za Fiona ziliandikwa kwa mkono wa Mary, dadake Sharp, ili hati isimsaliti mwandishi. Hivyo, kazi za Fiona zilipopokewa kwa shangwe, Sharp hakuweza kujitokeza kudai sifa zake.

Alifariki kisiwani Sicily mnamo Desemba 1905, na hapo ndipo siri ilipofichuka. Mkewe, Elizabeth, alichapisha wasifu wake mwaka wa 1910. Mwaka wa 1914 Rutland Boughton aliigeuza tamthilia moja ya Fiona kuwa opera, ambayo ilivuma sana London kuanzia mwaka wa 1922.

Kufikia katikati ya karne ya 20, Fiona lilikuwa jina la kawaida la wasichana nchini Uskoti. Sharp alitaka kumpa uhai mwanamke mmoja wa kubuni. Jina hilo sasa linaitwa na maelfu wasiomjua yeye.