Julius Rosenwald: Tajiri Aliyechanga Pamoja na Wanakijiji



Mwaka huu kamati itabisha hodi kwenye makampuni kuomba mkono wa kukamilisha madarasa yetu. Kabla hatujakwenda, tumsome mfanyabiashara mmoja wa Marekani aliyejua kutoa, na aliyejua pia kuweka masharti.

Julius Rosenwald alizaliwa tarehe 12 Agosti 1862 katika mji wa Springfield, jimbo la Illinois. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Ujerumani, na baba yake alifanya biashara ya nguo. Julius hakumaliza sekondari. Akiwa bado kijana alikwenda New York kwa wajomba zake kujifunza kazi hiyohiyo. Mwaka 1895 alinunua hisa katika kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago, na mwaka 1908 akawa rais wake. Kampuni hiyo iliuza bidhaa kwa katalogi. Mkulima aliye mbali na mji alichagua shati, jembe au cherehani kitabuni, akatuma fedha, na mzigo ukamfuata.

Kwa hiyo mteja wake mkubwa alikuwa mkulima, na Rosenwald alijua kwamba mkulima aliyekosa mavuno hafungui katalogi. Mwaka 1912, chini ya uongozi wake, ilitolewa ahadi ya dola 1,000 kwa kila kaunti, kwa kaunti 100 za mwanzo, ambayo ingechanga fedha zake yenyewe na kuajiri bwana shamba. Mkulima alipata elimu ya kilimo, na kampuni ilipata mteja mwenye uwezo wa kununua. Hapakuwa na haja ya mmoja kumficha mwenzake faida yake.

Mwaka 1911 Rosenwald alikutana na Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa utumwani na kuwa mkuu wa Chuo cha Tuskegee, Alabama. Mwaka uliofuata, alipotimiza miaka 50, alikipa chuo hicho dola 25,000. Washington aliomba sehemu ndogo ya fedha hizo ijenge shule sita vijijini. Kusini mwa Marekani watoto Weusi walitengwa kwa sheria, na serikali ziliwatupia makombo. Wengi walisomea makanisani na kwenye vibanda vilivyovuja.

Rosenwald alikubali, lakini hakutaka kujenga peke yake. Alitaka wazazi wachange fedha, ardhi, mbao au nguvu zao. Alitaka pia mamlaka ya elimu ya eneo itoe fungu lake, iipokee shule kuwa mali ya umma na kuiendesha. Wazazi waliuza kuku na vyakula, na wengine walitenga kipande cha shamba la pamba ili mavuno yake yawe ya shule.

Mwanzoni mambo hayakunyooka. Baadhi ya majengo yalijengwa vibaya na usimamizi ulilegea. Mwaka 1920 kazi ilihamishiwa ofisi maalumu mjini Nashville, na masharti ya ujenzi yakakazwa. Ramani zilieleza hata upande wa kuelekeza jengo na ukubwa wa madirisha, maana vijiji vingi havikuwa na umeme na mtoto alihitaji mwanga wa jua ili asome.

Mwaka 1921 bei za mazao zilikuwa zimeanguka, wakulima wakaacha kununua, na kampuni ikayumba. Rosenwald aliweka rehani takriban dola milioni 20 za mali yake kuiokoa. Hapo kila mtu aliona jinsi maisha ya kijijini na hesabu za Chicago zilivyofungwa kamba moja.

Alifariki tarehe 6 Januari 1932. Kufikia mwaka huo yalikuwa yamejengwa majengo 5,357, yaani shule, nyumba za walimu na karakana, katika majimbo 15. Gharama yote ilikuwa kama dola milioni 28. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kodi. Mfuko wa Rosenwald ulitoa dola milioni 4.3, na wananchi Weusi wenyewe walichanga dola milioni 4.7. Senti za maskini zilizidi fedha za tajiri! Lakini tuseme ukweli wote: wazazi hao walilipa mara mbili, kwanza kodi iliyojenga zaidi shule za Wazungu, kisha mchango kwa ajili ya watoto wao. Mchango wa hiari haukupaswa kuwa kisingizio cha serikali kukwepa wajibu wake.

Rosenwald aliagiza pia kwamba mfuko wake usiishi milele. Fedha zote zitumike ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake, ili kila kizazi kitatue shida zake. Mfuko ulifungwa mwaka 1948.

Sasa turudi nyumbani. Boma letu la madarasa limefika lenta, na kila masika ikipita ukuta usio na paa unaliwa na mvua. Tunapokwenda kwenye makampuni, tusiende na bakuli. Twende na daftari la michango, stakabadhi, makisio ya fundi na barua ya halmashauri inayoahidi walimu na matundu ya vyoo. Kampuni itakayokubali tuiombe mabati na mkaguzi, kuliko fulana na hundi kubwa ya kupigia picha. Nayo tuieleze bila aibu kwamba mtoto anayesoma hapa leo ndiye fundi wake, mkulima wake na mteja wake wa kesho.

Lakini swali la kwanza watakalotuuliza ni sisi wenyewe tumetoa nini. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Tuijaze kabla hatujaulizwa.