James Madison: Aliyetenga Jamhuri na Demokrasia

Katika barza nyingi, pakitajwa Marekani, hapakosi mmoja wa kusema kwamba ile ni nchi ya demokrasia, na mwenziwe akadakia kuwa ile ni jamhuri, kisha kahawa ikaendelea kunywewa kana kwamba wote wawili wamesema neno moja. Bwana ninayetaka kuwasimulia leo asingalikubali. Kwake yeye hayo yalikuwa mambo mawili mbalimbali, na sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika kuyatenga. Jina lake ni James Madison, Rais wa nne wa Marekani, ambaye wengi humwita baba wa Katiba ya nchi hiyo.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1751 huko Virginia, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Mwingereza. Alikuwa kifungua mimba wa watoto 12, na baba yake alikuwa tajiri wa mashamba mahali paitwapo Montpelier, mashamba yaliyolimwa na watumwa wa asili ya Afrika. Hilo la watumwa nawaomba wasomaji waliweke akilini, maana nitalirudia.

Kwa umbo alikuwa mtu mdogo. Kimo chake kilikuwa futi tano na inchi nne hivi, mwembamba, mwingi wa maradhi, na sauti yake ilikuwa hafifu hata mikutanoni watu wakibidi kutega masikio. Hakujaliwa ulimi wa kuusisimua umati. Alichojaliwa ni kusoma. Aliingia chuo cha New Jersey, ambacho leo chaitwa Princeton, na hata baada ya kumaliza masomo yake mwaka 1771 alibaki huko kwa muda akijifunza Kiebrania.

Aliporudi nyumbani alikuta jambo lililomkera. Kanisa la Kiingereza ndilo lililokuwa dini ya serikali katika Virginia, na wahubiri wa madhehebu ya Baptist walikuwa wakitiwa jela kwa kuhubiri bila idhini. Madison mwenyewe hakuwa wa madhehebu hayo. Lakini mwaka 1776, Virginia ilipokuwa ikiandika tamko lake la haki, alikuwemo katika mkutano, kijana wa miaka 25. Mswada ulisema kwamba watu wa dini nyingine wavumiliwe. Yeye akataka neno hilo liondolewe, na badala yake ielezwe kuwa kila mtu ana haki sawa ya kuifuata dini yake. Waweza kudhani ni ubishi wa maneno tu. La, si hivyo. Anayekuvumilia leo aweza kuchoka nawe kesho, lakini haki yako si hisani ya mtu.

Mwaka uliofuata yakamfika ya kuchekesha. Ilikuwa desturi ya Virginia mgombea kuwanywesha wapiga kura pombe siku ya uchaguzi. Madison akakataa, akiona kuwa kununua kura kwa mapipa ni kuuharibu uhuru wenyewe, na watu wakampa kura mpinzani wake aliyewanywesha. Hazikupita siku nyingi, wajumbe wa baraza la kutunga sheria wakamchagua kuwa mmoja wa washauri wa gavana. Basi umati ulimkataa, na wateule wa umati huo huo wakamkubali. Sisemi kwamba falsafa yake yote ilizaliwa siku hiyo, lakini sidhani kama aliisahau.

Baada ya kumshinda Mwingereza, majimbo 13 ya Marekani yaliungana kwa kamba dhaifu. Baraza lao la pamoja halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na kila jimbo likijifanyia litakalo. Katika mabaraza ya majimbo, waliokuwa wengi walipitisha sheria za kuwanufaisha wao na kuwadhulumu wachache. Mwaka 1786 wakulima wenye madeni huko Massachusetts wakashika silaha. Madison alijifungia na vitabu, vingi kati yake akiwa ametumiwa na rafiki yake Thomas Jefferson kutoka Paris, akazichambua tawala za kale na mashirikisho yote aliyoweza kuyapata, kuona yalianguka kwa nini.

Mkutano wa katiba ulipofanyika Philadelphia mwaka 1787, kuanzia Mei hadi Septemba, yeye alikuwa amekwisha kufika kabla ya wengi, na mpango wake mkononi. Alikaa mbele, akaandika kila siku yaliyosemwa. Wajumbe 55 walihudhuria, na 39 wakatia sahihi. Hakupata yote aliyoyataka. Alitaka majimbo makubwa yawe na sauti kubwa zaidi katika mabaraza yote mawili, akashindwa, na kila jimbo likapewa maseneta wawili. Ndiyo maana hata leo California yenye watu takriban milioni 39 ina maseneta wawili, na Wyoming isiyofikia watu 600,000 ina wawili pia. Wengi wanaoutetea mtindo huo humtaja Madison, kumbe yeye aliupinga.

Ilibaki kuwashawishi watu waikubali hiyo Katiba. Hapo Madison, Alexander Hamilton na John Jay wakaandika makala 85 wakitumia jina moja la kubuni, Publius, nyingi zikitoka kwanza katika magazeti ya New York. Makala ya kumi, iliyotoka Novemba 1787, ni ya Madison, na humo ndimo alimoweka mpaka kati ya demokrasia na jamhuri.

Demokrasia, kwa maelezo yake, ni mji mdogo ambao wananchi wake hukusanyika wenyewe na kuamua mambo yao kwa vinywa vyao, kama walivyofanya Wayunani wa Athens. Jamhuri ni pale wananchi wanapowachagua wachache wakaamue kwa niaba yao. Katika demokrasia ya namna ile, alisema, kundi kubwa likishikwa na hamaki au tamaa moja, hakuna kinachowakinga walio wachache, kwa kuwa wenye kudhulumu na wenye kuhukumu ni watu wale wale. Katika jamhuri matakwa ya watu hupita kwanza katika chujio la wawakilishi. Tena jamhuri yaweza kuenea nchi kubwa, na katika nchi kubwa mna makundi mengi mno, ya kazi, ya mali na ya dini, hata ni vigumu moja kuwa na wingi wa kuyakandamiza mengine. Hoja hii ya pili ndiyo iliyokuwa mpya. Wataalamu wa kabla yake walishikilia kwamba jamhuri haiwezi kudumu ila katika nchi ndogo.

Lugha yetu hapa ina kichekesho chake. Neno jamhuri latokana na jumhur la Kiarabu, yaani watu walio wengi, na waliosoma vyuoni wanalijua katika jumhuri ya wanazuoni. Neno tulilolirithi laelekea kwenye wingi, na jamhuri ya Madison ilitengenezwa kuuzuia huo wingi usiende mbio.

Na kweli waliuzuia. Katika Katiba ile wananchi walichagua moja kwa moja Baraza la Wawakilishi tu. Maseneta walichaguliwa na mabaraza ya majimbo mpaka mwaka 1913 ilipobadilishwa. Rais huchaguliwa na wajumbe maalumu wa majimbo, na kwa sababu hiyo mwaka 2000 na mwaka 2016 aliyepata kura chache za wananchi ndiye aliyeingia Ikulu. Mahakimu wa Mahakama Kuu hawapigiwi kura kabisa. Asiyepajua hapo hawezi kuuelewa ugomvi wa Wamarekani wa leo, ambao mmoja hulia kuwa demokrasia imeibiwa na mwingine humjibu kuwa nchi yao ni jamhuri. Na msomaji asichanganye haya na majina ya vyama. Chama alichokiunda Madison pamoja na Jefferson katika miaka ya 1790 kilijiita cha Republican, na kutoka humo kilizuka baadaye chama cha Democrats. Chama cha Republican cha siku hizi kilianzishwa mwaka 1854.

Mwanzoni Madison hakuona haja ya kuorodhesha haki za watu ndani ya Katiba. Wale Baptist wa Virginia ndio waliomtia shaka, wakitaka dini yao ilindwe kwa maandishi. Akawaahidi, akamshinda James Monroe kwa kura 1,308 dhidi ya 972, na mwaka 1789 akapeleka bungeni marekebisho ambayo kumi kati yake yalipitishwa mwaka 1791. La kwanza lakataza Bunge kuifanya dini yoyote kuwa ya serikali, au kumzuia mtu kuifuata yake. Waislamu wa Marekani wanaojenga misikiti yao leo huegemea hapo.

Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais Jefferson, mwaka 1805, alifika Washington balozi wa Bey wa Tunis, Sidi Soliman Mellimelli, kudai meli zilizokamatwa na Wamarekani. Ilikuwa Ramadhani. Jefferson alimwalika chakula, na saa ya karamu ikasogezwa mpaka jua lizame.

Urais wake, kutoka 1809 hadi 1817, nitaupita haraka. Alipigana na Mwingereza, na Agosti 1814 majeshi ya Mwingereza yakaichoma Ikulu, mkewe Dolley akitoroka na vichache alivyoweza.

Sasa narudi kwa watumwa. Huyu aliyewaogopea wachache dhuluma ya wengi alimiliki watu zaidi ya 100. Katika Katiba ile ile watumwa watano walihesabiwa sawa na watu watatu, ili majimbo ya kusini yapate viti zaidi, na wao wasiwe na kura hata moja. Wachache waliopata kinga madhubuti katika jamhuri yake ni mabwana wa watumwa. Yeye mwenyewe aliandika kuwa utumwa ni uovu, na mwaka 1833 akawa mkuu wa chama kilichotaka weusi walioachwa huru wahamishiwe Afrika. Mwaka huo huo Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na merikani ikazidi kumiminika Unguja, nguo iliyofumwa kwa pamba ya mashamba ya watumwa. Mwaka 1834, madeni yalipomlemea, Madison aliuza watu 16 kwa jamaa yake wa Louisiana.

Alikufa tarehe 28 Juni 1836, wa mwisho kati ya wale 39, na wasia wake haukumwacha huru hata mtumwa mmoja. Aliyekuwepo chumbani alipokata roho ni mtumishi wake, Paul Jennings, mtumwa aliyezaliwa Montpelier. Dolley alimuuza. Mwaka 1847 Jennings alipata uhuru wake kwa fedha alizokopeshwa na Seneta Daniel Webster, akalipa deni kwa kazi ya mikono yake. Baadaye aliandika kitabu kidogo juu ya bwana wake wa zamani, na humo asimulia kwamba Dolley alipofikwa na ufukara katika uzee wake, yeye Jennings alimpelekea vyakula kutoka nyumbani kwa Webster, na mara nyingine akampa fedha kidogo kutoka mfukoni mwake.