Mkimbiaji Aliyekuwa Mkimbizi: Maisha ya John Akii-Bua

Kwetu Manzese jina la Idi Amin bado hutajwa, hasa na wazee wanaokumbuka Vita vya Kagera. Sisi vijana tukisikia Uganda ya siku zile, humfikiria yeye peke yake. Leo napenda niwaeleze habari za Mganda mwingine wa wakati ule ule, ambaye sifa yake aliipata kwa miguu yake mwenyewe.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi na watoto 43. John aliacha shule mapema akachunga ng'ombe, kisha akaenda Kampala akaandikwa askari wa polisi. Huko ndiko mbio zake zilikojulikana. Mwalimu wake, Mwingereza aitwaye Malcolm Arnold, alimshauri aache mbio fupi za kuruka viunzi, ashike zile za mita 400.

Mbio hizo si mchezo. Mtu huzunguka uwanja mzima kwa kasi, na njiani huruka viunzi 10, hali pumzi zinamwishia. Akii-Bua alijizoeza akiwa amevaa fulana nzito yenye uzani, ili siku ya mashindano ajione mwepesi. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa nne. Wengine wangekata tamaa, lakini yeye alirudi nyumbani akazidisha mazoezi.

Tarehe 2 Septemba 1972, katika Olimpiki ya Munich, alipangiwa njia ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Pamoja naye alikuwapo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia. Akii-Bua aliwashinda wote kwa sekunde 47.82. Hapana mtu kabla yake aliyekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, wala Mganda aliyekwisha kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Aliporudi Kampala, Amin alimpandisha cheo akampa na nyumba, na barabara moja ya mji ikaitwa kwa jina lake. Lakini serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwaua Walango na Waacholi wengi. Basi huyu bwana alikuwa akishangiliwa na watu ambao kabila lake liliwaogopa. Hebu fikirini, ndugu zangu, mtu wa namna hiyo hulalaje usiku?

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, pamoja na Tanzania, zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Akii-Bua hakukimbia. Katika michezo hiyo Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake.

Majeshi yetu na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala mwezi wa Aprili 1979. Akii-Bua alikuwa Mlango, na kwa hiyo alikuwa hatarini chini ya Amin. Tena alikuwa polisi aliyetunzwa na Amin, na kwa hiyo wengine wangeweza kumdhania ni mtu wake. Akakimbilia Kenya pamoja na mkewe, Joyce, aliyekuwa mja mzito. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, akafariki. Medali ya dhahabu haikuweza kumwokoa mtoto yule.

Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani, akapata kazi. Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow, lakini hakufika fainali. Baadaye, mwaka 1983, alirudi kwao akaendelea na kazi ya polisi. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, umri wake miaka 47. Mkewe alikuwa amekwisha kumtangulia, na watoto 11 wakabaki. Serikali ilimzika kwa heshima ya taifa. Uganda ilingoja miaka 40 tangu Munich, hata 2012, ndipo Stephen Kiprotich akaipatia dhahabu nyingine ya Olimpiki.

Wenzangu tunaocheza mpira wa pete na kukimbia hapa shuleni, tusidhani kwamba ushindi ni ngome ya kumkinga mtu na kila baya. Nami nadhani Akii-Bua astahili kusifiwa zaidi kwa kurudi na kuitumikia nchi iliyomwumiza kuliko kwa zile sekunde 47. Siku tutakapozungumza tena na wazee wetu juu ya vita vile, tukumbuke kwamba hata upande wa pili walikuwako baba na mama waliokimbia na watoto wao.