Kenny Clarke, mpiga dramu aliyechoka kupiga dramu

Msikilizaji, kama unapiga dramu kwenye kwaya, kwenye bendi au kwenye matarumbeta ya harusi, huenda hali hii unaijua. Mkono unakwenda, mguu unakwenda, wimbo unaisha bila kosa, lakini wewe mwenyewe hukuwepo. Umepiga kile kile ulichopiga Jumapili iliyopita na Jumapili ya kabla yake. Hasira huna, huzuni huna, umechoka tu, na vijiti unaviweka chini bila hamu ya kuvishika tena.

Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyefika hapo zaidi ya mara moja. Jina lake Kenny Clarke, Mmarekani mweusi aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1914 katika mji wa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma. Wanamuziki wa jazi wanamhesabu miongoni mwa watu waliobadilisha kabisa kazi ya mpiga dramu. Lakini mwaka 1946, akiwa na miaka 32, alikuwa karibu kuachana na muziki moja kwa moja.

Baba yake alipiga tromboni na mama yake alipiga piano, kwa hiyo muziki ulikuwemo nyumbani. Nyumba yenyewe haikudumu. Baba aliondoka akaenda kuanza familia nyingine mbali, na mama akafariki ghafla Kenny akiwa bado mtoto mdogo. Yeye na kaka yake wakapelekwa kwenye kituo cha kulelea wavulana weusi hapo hapo Pittsburgh. Huko alijaribu vyombo vya kupuliza, kisha mwalimu akamshauri ajaribu ngoma. Akaipenda. Alipofika miaka 15 hivi aliacha shule akawa mwanamuziki wa kulipwa. Tusimlaumu sana kwa hilo. Hakuwa na mzazi wa kumlipia wala kumngoja nyumbani.

Miaka ile kazi ya mpiga dramu ilikuwa na mipaka yake. Bendi zilikuwa kubwa, watu kumi na kitu jukwaani, na kazi yao ilikuwa kuchezesha watu. Mpiga dramu alitakiwa kukanyaga ile ngoma kubwa ya chini kwa mguu, nne kwa kila duru, bila kuruka hata moja, wimbo mzima, usiku mzima. Mikono ilisaidia juu, lakini mguu ndio ulioshika mwendo. Aliyefanya hivyo bila kuyumba alikuwa fundi, na aliyeongeza kitu chake aliambiwa anasumbua wenzake.

Clarke alihamia New York mwaka 1935. Akapita bendi kadhaa, na akiwa na bendi ya Edgar Hayes akafika Ulaya kwa mara ya kwanza. Mwaka 1939 akaingia bendi ya Teddy Hill. Ndani ya bendi ile alikuwemo kijana mpiga tarumbeta, Dizzy Gillespie, mdogo kwake kwa miaka mitatu, mtundu na mwenye akili ya muziki isiyotulia. Mshike jina lake, maana tutamhitaji baadaye.

Hapo ndipo Clarke alipofanya jambo lililomtoa katika mazoea. Bendi ilipopiga nyimbo za kasi sana, mguu wake ulichoka. Nne, nne, nne, kwa mwendo ule, hakuna mguu unaoweza kuendelea vizuri hadi mwisho wa wimbo. Basi akauhamisha mwendo kutoka mguuni hadi mkononi. Mkono wa kulia ukaanza kushika mwendo kwenye toazi kubwa la juu, ile sahani ya shaba inayoning'inia upande wa kulia wa mpigaji. Sauti ya toazi ni nyepesi na haikatiki, inatiririka. Mguu wa kulia ukawa huru. Sasa ile ngoma kubwa haikuwa tena saa ya ukutani. Aliweza kuinyamazisha, kisha akaipiga ghafla mahali ambapo hakuna aliyeitegemea, kumsukuma mpiga tarumbeta au kumjibu. Wanamuziki waliyaita mapigo hayo mabomu.

Sipendi hadithi zinazosema mtu mmoja alivumbua kitu peke yake. Kabla yake Jo Jones, mpiga dramu wa bendi ya Count Basie, alikuwa ameshaanza kuupunguza uzito wa mguu na kuupeleka mwendo kwenye yale matoazi mawili madogo yanayofumba na kufumbuka. Clarke aliichukua njia hiyo akaifikisha mbali zaidi. Lakini tazama mabadiliko yalianzia wapi: yalianzia kwenye mguu uliochoka. Wengine mguu ukichoka wangefanya mazoezi zaidi ya kitu kile kile. Yeye alijiuliza kama kazi ile lazima ifanywe na mguu.

Wenzake hawakufurahi wote. Waliozoea kucheza juu ya ule mdundo wa chini walijiona wamenyang'anywa sakafu. Malalamiko yakamfikia Teddy Hill, na Clarke akaondolewa kwenye bendi. Kilichompata baada ya hapo ni bahati ambayo hutokea mara chache. Mwaka 1940 Hill mwenyewe aliacha kuongoza bendi akapewa usimamizi wa klabu moja mtaa wa Harlem, iitwayo Minton's Playhouse. Alipotafuta mtu wa kuongoza bendi ya pale, akamwita yule yule Clarke aliyemfukuza. Kwenye piano akawekwa kijana Thelonious Monk. Sauti ya yale mapigo ya Clarke ilimpatia pia jina la utani, Klook, na jina hilo likamkaa maisha yote.

Minton's haikuwa mahali pa kuchezesha watu. Wanamuziki walimaliza kazi zao za kulipwa katikati ya mji, kisha usiku wa manane wakaja pale kujaribu mambo. Gillespie alikuja. Charlie Christian, mpiga gitaa, alikuja, na baadaye Charlie Parker na saksafoni yake. Mwaka 1941 kijana mmoja mwanafunzi, Jerry Newman, alikuja na mashine ya kurekodi akanasa baadhi ya usiku zile, ndiyo maana leo tunaweza kumsikia Clarke wa wakati ule akimsukuma Christian kutoka nyuma. Muziki uliozaliwa katika usiku kama zile ndio uliokuja kuitwa bebopu. Clarke alishiriki pia kutunga: Epistrophy ni wimbo wake na Monk, na Salt Peanuts ni wake na Gillespie.

Kisha vita. Mwaka 1943 Clarke aliitwa jeshini. Mwaka 1944 alimwoa Carmen McRae, ambaye baadaye alikuja kuwa mwimbaji mashuhuri, na muda si mrefu akapelekwa Ulaya. Jeshini aliendelea na muziki kwa namna fulani, na huko alikutana na mpiga piano John Lewis. Lakini ule moto wa Minton's alikuwa ameuacha nyuma, na moto ule haukumngoja arudi.

Mnamo Mei 1945 Gillespie na Parker waliingia studio wakarekodi Salt Peanuts. Mtunzi mwenza alikuwa mbali amevaa sare. Dramu zilipigwa na Sid Catlett. Novemba mwaka ule ule Parker alirekodi tena, na nyuma yake alikaa kijana Max Roach, mdogo kwa Clarke kwa miaka kumi. Roach alikuwa amesikia alichokifanya Clarke, akakichukua akakiendeleza kwa ufundi mkubwa. Watu walipotaja mpiga dramu wa muziki mpya, walimtaja Roach.

Clarke aliachiwa jeshini mwaka 1946. Jiweke kwenye viatu vyake. Umelima shamba, umepanda, umeitwa mbali, na uliporudi umekuta mavuno yameshaingia ghalani na mwingine ndiye anayeitwa mkulima. Nadhani uchovu wa aina hii ni mbaya kuliko ule wa kurudia kitu kimoja kila siku, kwa sababu mazoezi hayautibu. Clarke hakuwa amesahau kupiga. Hakuona tena sababu ya kupiga. Kipindi hicho aliingia katika Uislamu, akachukua jina la Liaquat Ali Salaam, ingawa jukwaani aliendelea kujulikana kama Kenny Clarke. Kuhusu dramu, hamu ilikuwa imekwisha.

Aliyemrudisha ni Gillespie. Hakumrudisha kwa maneno matamu peke yake, alimpa kazi. Alikuwa anaunda bendi kubwa ya kupiga ule muziki mpya, na Roach alipoondoka alimtaka Clarke akae kwenye kiti kile. Tena alimtaka kwa sababu ya yale yale yaliyomfukuzisha kwa Teddy Hill. Alitaka mabomu. Alitaka mguu ule ulio huru. Hapa kuna jambo ambalo viongozi wa bendi na walimu wa kwaya wanaosoma hapa wangeweza kulitazama kwa makini: Gillespie alikumbuka mpigaji wake alikuwa nani kabla hajachoka, akamwandalia mahali ambapo mtu yule alihitajika.

Matokeo yalikuja haraka. Kufikia Mei 1946 Clarke alikuwa studio na Gillespie. Septemba mwaka ule alirekodi kwa jina lake mwenyewe akiongoza kundi dogo, na kati ya nyimbo ilikuwemo Epistrophy. Mwanzoni mwa 1948 bendi ya Gillespie ilizuru Ulaya. Ziara ilipokwisha wenzake walirudi nyumbani, Clarke akabaki Paris miezi kadhaa akifundisha na kurekodi. Kuna kitu alikuwa amekionja pale.

Ndani ya bendi kubwa ya Gillespie kulikuwa na wanne wa nyuma: Milt Jackson, John Lewis, Ray Brown na Clarke. Wapuliza vyombo walipohitaji kupumzika midomo, hawa wanne walibaki wakipiga peke yao. Kutokana na mazoea hayo likazaliwa kundi la Modern Jazz Quartet, lililoanza rasmi mwaka 1952, Percy Heath akiwa ameshika besi. Lilipata sifa kubwa. Walivaa suti nzuri, wakapiga kwa utulivu kwenye kumbi zilizozoea muziki wa Kizungu wa zamani. Wengi wangeshukuru kwa nafasi ile.

Mwaka 1955 Clarke aliondoka. Muziki ule ulipangwa sana kwa mtu wa tabia yake. Mwelekeo uliotakiwa na Lewis haukumwachia nafasi ya kutosha. Safari hii hakungoja hamu ife kabisa. Alikwisha kujua dalili zake. Kwa muda akafanya kazi za studio New York, nyingi sana, na mwaka 1956 akahamia Ufaransa. Hakurudi tena kuishi Marekani.

Sababu hazikuwa za muziki peke yake. Paris ilimpa kazi ya uhakika, na ilimpa heshima ambayo mtu mweusi hakuwa na uhakika wa kuipata nchini mwake miaka ile, hata awe fundi kiasi gani. Desemba 1957 Miles Davis alipokuja Paris, Clarke alikaa naye studio usiku mmoja wakatengeneza muziki wa filamu ya Louis Malle wakiwa wanaitazama picha yenyewe, bila karatasi nyingi mbele yao. Alicheza pia kwa muda mrefu na mpiga piano Bud Powell na mpiga besi Pierre Michelot. Kisha kuanzia mwaka 1961 akaongoza bendi kubwa pamoja na Mbelgiji Francy Boland, bendi ya Wamarekani na watu wa Ulaya iliyodumu hadi 1972. Miaka ya mwisho ya bendi ile walikuwemo wapiga dramu wawili, yeye na Mwingereza Kenny Clare. Kwa mtu aliyewahi kurudi kutoka vitani akakuta kiti chake kimekaliwa, kukubali kugawana kiti hakukuwa jambo dogo.

Miaka ya 1960 alianzisha shule ya dramu mjini Paris pamoja na Dante Agostini. Mwaka 1983 nchi yake ilimtunukia heshima ya juu wanayopewa mafundi wa jazi. Tarehe 26 Januari 1985 alifariki Montreuil, pembeni ya Paris, wiki chache baada ya kutimiza miaka 71.

Ukiwa na bando la kutosha, tafuta wimbo Walkin' wa Miles Davis, uliorekodiwa mwaka 1954, Clarke akiwa kwenye dramu. Usifuate tarumbeta kwanza. Tumia spika za masikioni, maana spika ndogo ya simu huwa inapoteza sauti za chini. Sikiliza toazi la mkono wa kulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha rudia wimbo ule ule ukisubiri ngoma kubwa ya mguuni: inanyamaza wapi, na inaingia wapi.